Kigari cha Bi Somoe

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mashine zilipokuwa zimejifunza kutembea lakini hazijafundishwa adabu, aliishi Bi Somoe katika mji wa vichochoro. Vichochoro hivyo vilikuwa vyembamba hata watu wawili wanene wakikutana, walisalimiana kwa matumbo kabla ya mikono.

Bi Somoe alikuwa mpishi wa halua. Namna ya kuipika aliijua yeye peke yake. Lakini goti lake lilikuwa limechoka, hawezi tena kubeba sinia. Naye alikuwa amemfukuza hamali wake, Kombo, baada ya miaka kumi na tisa, kwa kuwa kila safari halua ilifika imemeguka pembeni na masharubu ya Kombo yanang'aa mafuta.

Basi Bi Somoe akatangaza, "Atakayeniwezesha kufikisha halua yangu kwenye harusi inayokuja, bila mimi kuibeba wala kuibiwa, nitamnong'oneza siri ya halua hii. Mmoja tu. Nikiwaambia wawili, kesho itapikwa kila nyumba."

Akaja Fumo, mume wa binti yake, fundi wa simu. Akaunda kigari cha magurudumu manne, akakitia macho ya kamera. Akakifundisha kumjua Bi Somoe kwa mwendo wake wa kuchechemea, kimfuate popote aendapo. Kikamfuata. Kikamkanyaga kisigino, kikamvua ndara, kikataka kuingia naye chooni.

"Mkwe wangu," Bi Somoe akasema, "hata marehemu mume wangu hakunifuata hivi."

Akaja Mwanate, mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo. Akakitia kigari vipima umbali pande zote, akakifundisha kutogusa kitu: si ukuta, si mbuzi, si mtu. Kikashika adabu, na adabu ikazidi. Kikimkuta paka amelala njiani, kilisimama kumsubiri aamke. Siku moja Bi Somoe alifika sokoni, akageuka, hakioni. Walikikuta nyuma kabisa, kinampisha bwana mmoja aliyekuwa amekaa barazani anakunywa kahawa yake tangu asubuhi.

"Mjukuu wangu," Bi Somoe akasema, "hiki umekipa haya ya bi harusi."

Siku hiyo Kombo alikuwa anapita. Alikicheka kigari mpaka akajishika mbavu. Kisha kicheko kikamwisha, akamfuata Mwanate.

"Kinatazama mtu alipo," akamwambia. "Kitazame anakokwenda. Mtu akigeuza bega, ameshaamua njia. Wachukuzi wakianza kuhema kwenye kona, wana mzigo mzito, hawatarudi nyuma. Wewe ndiye utafute mlango wa kujibanza."

Wiki mbili Kombo akatembea mbele ya kigari akieleza, na Mwanate akakitia masikio, akakifundisha kila alichosikia.

"Baba Kombo," Mwanate akamwuliza, "kikishayajua haya, nani atakuita tena?"

"Hakuna," akajibu. "Lakini siwezi kukiangalia kinapita kwenye vichochoro vyangu kijinga namna ile."

Siku ya harusi ikafika. Bi Somoe akatangulia, kigari nyuma yake, sinia la halua ya moto juu. Katikati ya kichochoro chembamba kuliko vyote, wanaume wanne wakachomoza na kabati la bi harusi. Hawaoni mbele, hawawezi kusimama. Bi Somoe akaanza kurudi kinyumenyume. Alijua nyuma yake kuna halua inayochemka, na alijua atakalia nini.

Hakukalia kitu. Kabla hajarudisha hatua ya kwanza, kigari kilikuwa kimesikia mihemo kwenye kona, kikajibanza mlangoni mwa nyumba ya watu, ukuta ukiwa mbali nacho kwa upana wa kidole tu. Bi Somoe akarudi mpaka njia panda, kabati likapita. Nyuma ya kabati wakafuata wanawake kumi na wawili, wamevaa leso sare na Bi Somoe, wanaimba, wamejaza njia. Kigari kikawaacha wote, kikamfuata yule mmoja anayechechemea. Halua ikafika nzima, pembe zote nne.

Jikoni kwa harusi, wote watatu wakasimama mbele yake.

Fumo akasema, "Mama, bila macho yangu kingewafuata waimbaji, na halua ingeliwa njiani. Tena bila mimi kusingekuwa na kigari."

Mwanate akasema, "Nyanya, bila mimi kingekuwa kisiginoni pako kabati lilipotokea. Na pale mlangoni kingejipigiza ukutani, halua yote chini."

Kombo akapangusa masharubu, makavu siku hiyo. "Bi Somoe, hao walikipa macho na adabu. Lakini ni nani aliyekiambia kabati linakuja? Na wao wana kazi zao. Mimi yangu nimeifundisha mashine."

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja. Fumo ndiye aliyeanza. Mwanate ni damu yake. Kombo ameshaila halua hiyo miaka kumi na tisa bila ruhusa, na labda anajua nusu ya siri tayari. Akaweka upawa chini, akajifuta mikono, akawaamuru watu wote watoke jikoni ila hao watatu.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msinicheke tu. Mngekuwa Bi Somoe, mngeinama kwenye sikio la nani?