Onyo Lililofutwa

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ya simu za viganjani, palikuwa na kundi la mtandaoni la kina mama elfu sita. Msimamizi wake alikuwa Bi Chausiku, mkunga mstaafu. Sheria ya nchi ilisema: habari isiyo na ushahidi ikiachwa kundini, kundi lifungwe na msimamizi ashtakiwe.

Siku moja Ndekia, fundi cherehani, aliandika: "Dawa ya kikohozi yenye kifuniko cha kijani imemtapisha mwanangu damu. Jamani, msiwape watoto!"

Bwana Mrisho, ofisa wa mamlaka ya mawasiliano, akampigia simu. "Mama, lete chupa ikapimwe."

"Nimeitupa chooni kwa hasira."

Basi Mrisho akaiandikia kampuni yenye mtandao: futeni onyo hilo mpaka maabara ipime chupa nyingine. Salha, mfanyakazi wa kampuni, akalifuta palepale. Hakuuliza neno, wala hakuwaeleza kina mama sababu.

Kina mama wakaulizana, "Onyo liko wapi? Dawa tuwape, tusiwape?" Bi Chausiku alimjua Ndekia, hakuwa mwongo. Lakini akaandika, "Mjadala huo umefungwa."

Mwanamvua alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Shomari, anakohoa. Akasema moyoni: limefutwa, basi lilikuwa uongo. Akampa dawa. Figo zikafeli, na siku ya nne Shomari akafa. Siku ya tano maabara ikatoa majibu: dawa ilikuwa mbovu.

Baada ya arobaini Mwanamvua akawaita wote wanne: Ndekia, Mrisho, Salha na Bi Chausiku. Wakaja, wakaketi mkekani.

"Fidia sitaki," akasema. "Nataka mmoja wenu aende kaburini kwa mwanangu, aseme: ni mimi."

Mrisho akasema, "Mwaka juzi uvumi uliwafanya kina mama wakimbie chanjo. Surua ikaua watoto kumi na mmoja, nami niliwazika wawili. Ningeuachaje mwingine uenee?"

Salha akasema, "Sheria ilinipa muda wa saa mbili tu nilifute. Ningekaidi, mtandao mzima ungezimwa, na watu wote wangekosa pa kusemea."

Bi Chausiku akasema, "Kundi lile limeokoa wajawazito wengi, mwanangu, na wewe ukiwemo. Lingefungwa, nani angewaelekeza?"

Ndekia akasema, "Mimi ndiye pekee niliyesema kweli."

"Na chupa ukaitupa," Mrisho akamwambia. "Ingepimwa siku ileile."



Mwanamvua akawatazama mmoja mmoja. "Na kijiko nilikishika mimi," akasema. Kisha akainuka, akajifunga kanga, akashika njia ya makaburini. Wale wanne wakamfuata.

Walipofika, walisimama wote watano. Haya, mliosikia: nani kati yao alistahili kusema, "Ni mimi"?