Biblia Tuliyogawana Kama Nyama

Biblia niliikata mimi. Nalisema jambo hili mwenyewe, na mapema, kwa sababu nikilificha mtalisikia kwa jirani likiwa limetiwa chumvi.

Miaka ile, huku kwetu Ukinga, mtaa mzima wa kanisa ulikuwa na Biblia moja. Ikilala kwa huyu, yule ananuna. Ikizungushwa, haijulikani iko wapi mpaka Jumapili asubuhi watu wanaitana kama waliopotelewa na ndama. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nikachoka na kesi. Nikachukua kisu, nikaipasua mgongo mbele ya watu wote, tukagawana kama ng'ombe wa arusi: huyu paja, yule mbavu, yule kichwa. Akina mama walipiga vigelegele. Nami nikajiona Sulemani kabisa! Nikasahau kwamba Sulemani hakukata.

Sasa sikilizeni, mjue nani alipata nini.

Yakobina, mjane wa mwalimu, alipata Injili. Kipaji chake kilikuwa kimoja: hakupokea neno lolote kabla hajauliza Bwana Yesu alisemaje. Ukimwambia kesho kuna baridi, atakuuliza, "Bwana alisema?" Alichosha watu.

Mzee Lutengano, mwashi, alipata manabii wa kale. Huyu naye kila andiko alilihoji: liliandikwa kwa nani, wakiwa wapi, walikuwa na njaa au wameshiba? Alipenda kusema, "Barua ya mtu mwingine usiifungue ukaanza kuijibu kabla hujajua imetumwa kwa nani."

Sekela alipata kipande cha mwisho cha Torati. Zamani aliuza pombe ya ulanzi kabla hajaokoka, na ulevi wa watu ulimfundisha kutomwogopa mtu na kutomwamini mtu mpaka amempima. Hata mchungaji alimpima.

Na Amoni, shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alipata Ufunuo. Siku ile alicheka. "Shemeji, wengine umewapa nyama, mimi umenipa mkia." Amoni alikuwa na sauti. Akisoma, hata mbuzi walinyamaza.

Basi Amoni akausoma ule mkia. Asubuhi mkia, jioni mkia, mwaka mzima. Akaanza kuona. Malori ya mbao yakawa ndiyo farasi wa siku za mwisho. Yule mkusanya ushuru wa soko akawa joka, na hapo wengi tulikubali upesi mno, Mungu atusamehe. Mwisho akatangaza kwamba Bwana atarudi kabla viazi havijatoa maua, na waaminifu watoke Babeli wakimbilie nyikani. Nyika yake ilikuwa uwanda wa juu, mahali ambapo umande unaganda na kuwa mawe kabla ya jua kutoka.

Nyumba kadhaa zilimfuata. Na binti yangu Lusungu akamfuata, mtoto mchanga mgongoni. Mume wake alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai. Mimi nilikuwa shambani. Niliporudi nilikuta jiko limezimwa.

Viazi vikatoa maua. Meupe, shamba zima, mazuri kuyatazama. Bwana hakuja. Mnadhani Amoni alitubu? Alisema kuna mmoja wao anayetamani kurudi chini kijijini moyoni mwake, ndiyo maana Bwana amechelewa. Tena akasema, atakayeshuka, mtoto wake atakufa kabla hajavuka mto.

Nikipandisha sauti mnivumilie. Mambo mengine hasira yake haizeeki.

Mtoto, jina lake Tulizo, akaanza kukohoa. Nikapanda.

"Lusungu, mwanangu, tushuke zahanati."

"Baba, neno limesema tukae."

"Neno gani?"

"Wewe ndiye unaniuliza neno gani? Wewe uliyelipasua kwa kisu?"

Nilishuka peke yangu. Nikapita kwa Yakobina, kwa Lutengano, kwa Sekela, nikiwa nimevua kofia. Kulipokucha tukapanda wote wanne, kila mmoja na kipande chake amekifunga kwenye kitambaa.

Tulimkuta binti yangu mlangoni mwa kibanda cha mianzi, mtoto amemfunga kifuani, na kile kifua kidogo kinavuta kama mvukuto wa mhunzi. Amoni alisimama kando, kurasa zake mkononi.

Yakobina hakurefusha salamu. "Lusungu, siku hii mnayoingoja, ni nani anayeijua?"

"Mjomba anaijua. Imeandikwa."

"Bwana mwenyewe alisemaje?"

Yakobina akafungua kitambaa, akamwonyesha mahali Yesu alipowaambia wanafunzi wake kwamba siku ile hakuna aijuaye, si malaika, hata Mwana haijui. Binti yangu akataka kusoma kwa macho yake. Akasoma, midomo ikichezacheza. Kisha akageuka.

"Mjomba, hata Mwana?"

Amoni akajibu, "Ukurasa huo mimi sina."

Lakini Lusungu hakuinuka. "Haya, siku haijulikani. Lakini huko chini ni Babeli, na tumeambiwa tutoke. Nikirudi kulima viazi si nimerudi Babeli?"

Hapo Mzee Lutengano akajiweka juu ya jiwe, maana miguu yake ni ya zamani. "Mjukuu wangu, unaijua Babeli wewe?"

"Najua ni mji mbaya."

"Mbaya sana. Sasa kuna watu walikaa humo kwelikweli, wamechukuliwa mateka. Akatokea nabii, Hanania, akatangaza kwamba shida itaisha kwa miaka miwili tu. Watu walimpenda huyo! Yeremia akawaandikia wale mateka barua: jengeni nyumba, pandeni bustani humo humo, zaeni, uombeeni mji mliomo. Hii hapa, soma." Akamgusa mtoto paji la uso, akauondoa mkono haraka. "Waliokuwa Babeli yenyewe waliambiwa wapande. Wewe unakimbia viazi vya baba yako?"

Mwanamke mmoja kwenye kibanda cha pili akacheka, akajiziba mdomo. Lusungu akasoma, akasimama. Akatazama njia ya kushukia, na mguu ukagoma.

"Nikivuka mto atakufa," akasema. "Mjomba ametamka."

Sekela hakumjibu yeye. Alimgeukia Amoni. "Amoni, viazi vimetoa maua au havijatoa?"

"Mama, mambo ya rohoni hayapimwi kwa—"

"Nimekuuliza viazi."

"Vimetoa."

"Na ulitangaza kwa jina la nani?"

"La Bwana."

Sekela akafungua kurasa zake, akasoma polepole kipimo alichokiacha Musa: nabii akitamka kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, Bwana hakulisema hilo, huyo mtu amejisemea kwa kiburi chake. "Na ameongeza neno dogo kwa ajili yako, Lusungu. Kasema usimwogope."

Binti yangu akamtazama mjomba wake kama mtu anayetazama mlango aliodhani umefungwa. Akakaza mbeleko. Akashuka. Hakuna aliyembeba, hakuna aliyemvuta.

Amoni akaniita mimi. "Shemeji! Mlinipa mwisho bila mwanzo. Nilisoma nilichopewa!"

Nilikuwa na jiwe mkononi. Sikulitupa. Sijui ilikuwa neema au ni bega langu linaloniuma.

Mto tukauvuka, mtoto akilia, na sikupata kusikia kilio kitamu namna ile. Zahanati wakasema ni nimonia, na kwamba kama tungechelewa kidogo tungekwenda kununua sanda. Leo Tulizo anawakimbiza kuku wa watu.

Sasa ndipo mtanziko wenyewe unapoanza.

Mchungaji alisikia habari, akatuletea Biblia mpya, nzima, yenye harufu ya gundi. Akasema, "Hii haizungushwi. Itakaa nyumba moja, na mwenye nyumba hiyo atawafundisha unabii, msije mkapandishwa tena mlimani. Aliyekata ya kwanza ndiye atakayeikabidhi hii. Mkigombana, naichukua." Halafu akapanda pikipiki yake akaenda zake, akaniachia moto.

Yakobina akasema, "Mimi ndiye niliyefungua njia. Bila neno la Bwana mwenyewe wangeanzia wapi? Anayesoma unabii asianze na wanyama wenye pembe, aanze na Yesu."

Mzee Lutengano akasema, "Mwanangu, hata Amoni alimtaja Yesu kila siku. Kilichompoteza ni kutouliza maneno yale waliambiwa akina nani kwanza. Bila mimi, Lusungu angekaa kule anangoja siku asiyoijua."

Sekela akasema, "Semeni yote. Mlipomaliza kusema alikuwa bado amesimama pale pale. Hofu ndiyo iliyomfunga. Wafundisheni watu kupima, hata mkiwafundisha mengine ni bure."

Kila mmoja ana haki, ndiyo inayoniudhi! Wote watatu walikuwa watu wapole kule juu. Wamekiona kitabu kipya, wamekuwa kama fisi. Na kuna mjinga mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Si tuigawane tu tena?" Nilimkamata ukosi nikamtoa nje. Mzee wa kanisa hafanyi hivyo, najua. Nimekwisha kutubu, ila kwake yeye bado sijaomba radhi.

Ndipo Lusungu akasimama. Tukamgeukia, maana ni mtoto wake aliyeokolewa, na ni mtoto wa mtoto wangu.

"Baba," akasema, "mpe Mjomba."

"Mjomba gani?"

"Amoni. Yuko kule peke yake na zile kurasa zake. Hawa watatu wameshajua kusoma. Dawa anapewa mgonjwa."

Nilimpigia kelele binti yangu kanisani. Nilimwuliza kama amesahau kifua cha mwanawe. Akasema hajasahau, lakini na mimi nisisahau ni nani aliyempa Amoni mkia peke yake.

Nimekifungia kitabu hiki sandukuni, na Jumapili mchungaji anakuja kuuliza kimekwenda kwa nani. Nikiwa na hasira namwona Sekela. Nikipoa namwona Yakobina, halafu Lutengano. Na nikipiga magoti, Bwana anisaidie, namwona yule nisiyetaka kumwona.

Je, wewe ungeamua vipi? Nakuomba, nitajie jina moja, na uniambie kwa nini.