Sowe ya Mlimani na Sowe ya Ziwani

Sogeeni karibu, nafasi ipo. Nitawaeleza yaliyompata mwanamke mmoja aliyeitwa Lemuya, kwa maana kwake ndiko yalikoanzia haya ya maneno kufanana sauti na kuachana maana.

Zamani hizo kila neno lilikuwa na kwao. Watu walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa, na mtu aliweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa asiwahi kusikia lugha isiyo ya mama yake. Waseyu walikaa mlimani wakilima mtama. Wadorai walikaa chini kabisa, kando ya ziwa, wakivua samaki na kuchota chumvi. Lugha zao hazikuwa na undugu hata kidogo. Hapakuwa na neno la mlimani lililopata kusikika ziwani, wala la ziwani lililopata kupanda mlimani.

Ikaja miaka ya ukame. Chemchemi za Waseyu zikakauka, wakateremsha mbuzi wao hadi ziwani, na huko pakazuka ugomvi wa maji, watu wakaumizana. Wazee wa pande mbili wakakaa mchangani wakasemezana kwa mikono na kwa kuchora chini. Mwisho wakaafikiana kwamba binti wa mlimani aolewe ziwani, maana mtu huona vigumu kumuua mjomba wa watoto wake. Binti aliyechaguliwa ni Lemuya. Mama yake, Konye, hakuulizwa.

Siku ya kuondoka, Konye alimsindikiza mwanawe mpaka mahali njia inapoanza kuporomoka. Wanawake wengine waliimba, yeye hakuimba. Alimshika Lemuya kichwa kwa mikono miwili, akamtazama sana, akamwambia neno moja tu: "Sowe."

Kwa Waseyu hilo ni neno la mama kwa mtoto mdogo. Mama anapomketisha mwanawe ukingoni mwa shamba ili akapalilie, humwambia sowe, yaani kaa hapo hapo, nakuja. Lemuya alikuwa mwanamwali mzima, na hakuwa ameambiwa neno hilo tangu ang'oke meno ya utoto. Akateremka nalo kifuani.

Mumewe, Ngoleka, alikuwa mtu mpole. Alimjengea nyumba mbali na mbu, akamchagulia samaki wasio na miiba mingi, kwa kuwa aliona mkewe hajui kuwala. Lakini hawakuwa na la kuzungumza. Jioni walikaa wakitazamana kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja. Mchana Lemuya alisikia watu wakicheka, asijue wanachekea nini.

Nyuma ya nyumba, pembeni mwa kijiji, palikuwa na jaa la kutupia majivu, na hapo tu ndipo mlima ulipoonekana. Kwa hiyo kila alfajiri Lemuya alizoa majivu ya jikoni katika kigae, akaenda kuyamwaga, akasimama akiutazama mlima mpaka ukungu uufunike. Kabla ya kugeuka alisema, kwa sauti ya chini, "Sowe." Hakujua kama analisema kwa niaba ya mama yake au analisema yeye mwenyewe.

Wifi yake, Ntambi, dada mdogo wa Ngoleka, alimpenda tangu siku ya kwanza na alitamani sana kuongea naye. Asubuhi moja alimfuata, akaona majivu yanamwagwa, akasikia neno. Moyo ukamruka kwa furaha. Akachota majivu kiganjani, akamwonyesha.

"Sowe?" akauliza.

Lemuya alisimama kama aliyepigwa. Tangu afike nchi ile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Alijua Ntambi amekosea. Angeweza kutikisa kichwa, na jambo lingeishia pale. Lakini alitaka kulisikia tena. Akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamtoka, na Ntambi akadhani ni machozi ya kueleweka, akamkumbatia kwa mikono yake yenye majivu.

Neno likaenea upesi, tena kwa sababu. Wadorai walikuwa na jina moja tu la majivu, nalo ndilo jina la msiba, kwa kuwa wafiwa wao hujipaka majivu usoni. Hakuna aliyependa kulitaja asubuhi jikoni. Sasa wakawa wamepata neno jepesi. "Zoa sowe!" "Nani kamwaga sowe kwenye mboga?" Kila liliposemwa, mkono wa Lemuya ulisita juu ya alichokuwa akifanya, naye akatazama mlangoni.

Alijifunza Kidorai, akazaa, akaheshimiwa. Siku moja alimweleza binti yake mkubwa maana ya sowe kule mlimani. Mtoto akacheka. "Lakini mama, hayo si majivu tu?" Lemuya akacheka naye, kisha akatoka nje.

Kule mlimani, Konye alingoja mpaka mumewe akafa na wanawe wote wakaoa. Hapo akasema hakuna tena wa kumzuia. Akafunga mtama kwenye kitambaa, akashika njia aliyoondokea mwanawe. Alikuwa mzee, magoti yakimuuma, na hakujua neno hata moja la huko aendako.

Alifika kijijini mchana wa upepo. Kwa bahati mbaya Lemuya alikuwa amevuka ng'ambo ya ziwa pamoja na wanawake wa kuchota chumvi, kazi inayowachukua muda mrefu. Konye aliona watu wengi asiowajua, akaogopa, akakaa pembeni, karibu na jaa. Akawaza kwamba pengine amekosea kijiji. Akawaza pia kwamba mwanawe huenda alikufa zamani. Alikuwa anainuka aondoke, Ntambi alipotokea na kigae kilichojaa, akamwona mzee amekaa upande unakoelekea upepo.

"Sowe, mama! Sowe!" Ntambi akampigia kelele, akimwonya majivu yasimwingie machoni.

Konye akaketi tena.

Ntambi akamwita kwa mkono aingie ndani, akakataa. Watu wakaja na maji na chakula, wakamwonyesha alipokaa, wakisema, "Mzee wetu, utakaaje kwenye sowe?" Akala, akanywa, akatabasamu, akakaa pale pale. Kadiri walivyomsihi ndivyo alivyotulia. Ntambi akamtazama vizuri, akaona paji la uso ni lile lile la wifi yake, akakimbilia mtumbwini.

"Wifi," alimwambia Lemuya ng'ambo, akihema, "kuna bibi amekaa jaani. Tukimwambia sowe, anacheka kama mtu aliyepewa zawadi."

Lemuya aliacha chumvi ilipo. Alipofika jaani, nywele za mama yake zilikuwa zimejaa majivu, na mwanzoni hakujua kipi ni majivu na kipi ni mvi.

"Watu wako wana adabu," Konye alimwambia, akimpapasa uso. "Wote waliniambia unakuja."

Lemuya akataka kumweleza walichokuwa wakisema, akaacha. Akayapangusa majivu mabegani mwa mama yake, taratibu.

Walikaa pamoja hadi mvua zilipokwisha. Kisha Konye akataka kurudi akafie alikozaliwa, na Ngoleka akatoa vijana wa kumsindikiza. Safari hii Lemuya ndiye aliyesema sowe. Hawakuonana tena.

Na tangu siku hiyo neno sowe likakaa pande mbili: mlimani mama analiacha kwa mwanawe, ziwani mpishi analizoa jikoni. Wakaja wake wengine walioolewa mbali, wahunzi, wachungaji wa mifugo, kila mmoja akaangusha neno lake kwa watu wasiojua maana yake, na wenyeji wakaliokota wakalitumia walivyoona. Ndiyo maana hata leo mtu aliye ugenini, akipita sokoni, husikia nyuma yake neno la kwao limetamkwa vizuri kabisa. Hugeuka haraka. Hakuitwa yeye, ni mama mmoja anauza vitunguu, anazungumza mambo yake. Lakini mtu huyo hasogei. Hujifanya anachagua vitunguu, akingoja kuona kama mama yule atalisema tena.