Mbeleko Kazini

Hapo zamani za kale, na wewe mwenye muwa acha kutafuna nisikike, Bwana Kifaru alikuwa na kiwanda cha mikeka. Waliomsukia ukili ni Kobe, Nungunungu na Bi Nguchiro, mdogo kuliko wote na mwepesi wa vidole.

Ukili mnaujua, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Unausuka popote, hata ukibembeleza mtoto. Bi Nguchiro alikuwa na mapacha wachanga, kwa hiyo alisukia nyumbani na jioni akapeleka kazi yake. Hakuna aliyelalamika.

Siku moja Bwana Kifaru akarudi kutoka semina ya viongozi na mambo mapya.

"Kuanzia kesho kila mtu asukie hapa uani," alisema. "Nisiyemsikia harufu, hafanyi kazi."

Maana macho yake hayakuona mbali. Msimamizi wake alikuwa pua.

"Na wanangu, bosi? Bado wananyonya."

"Sisi hapa ni familia moja, Bi Nguchiro. Atakayekosekana, kazi hana."

Familia gani hiyo, jamani? Bi Nguchiro aliumia sana. Akikaa kazini watoto watashinda na njaa, na akifukuzwa watalala nayo.

Kesho yake aliwahi. Akatandika mbeleko yake kuukuu kwenye kigoda, ile inayonuka jasho na maziwa, akatoka taratibu, nyata nyata.

Bwana Kifaru akapita. Fyuu, fyuu. "Bi Nguchiro yupo. Vizuri."

Kumbe mwenzake yuko nyumbani, watoto kifuani, ukili mkononi! Jioni alirudi na furushi zima. Kobe alipoona hivyo, naye akaacha kofia yake. Nungunungu akaacha shati, lile lililotobokatoboka mgongoni.

Ikawa Bwana Kifaru anashinda uani peke yake na nguo.

"Mnaona?" aliziambia. "Tangu nianze kuwanusa, ukili umeongezeka. Hakuna soga, hakuna anayeomba ruhusa."

Nguo zilinyamaza. Alipenda sana heshima hiyo.

Basi akaamua kumtuza mfanyakazi bora. Akamwalika Bwana Nyati, mnunuzi wa mikeka, ashuhudie.

"Bi Nguchiro, simama uchukue kikapu chako cha mayai."

Mbeleko ilibaki kigodani.

"Usione haya, mama." Akainama kumwinua, mbeleko ikanasa kwenye pembe yake, ikaning'inia puani. Nyati alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati huohuo Bi Nguchiro akaingia na furushi lake kichwani. Alipoona mbeleko ilipo, akalitua furushi chini. Alijua kazi imekwisha.

"Ulikuwa wapi?" Kifaru aliuliza.

"Nyumbani, bosi. Nasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisifu."

Nyati akachukua ukili, akauvuta, ukakaza. "Huu ndio nilioupenda," alisema. "Mimi nanunua mikeka, ndugu yangu, sinunui harufu."

Bwana Kifaru akainasua ile mbeleko kwenye pembe yake. Aliona aibu, na aibu ilimfaa.

"Kesho sukia nyumbani," alisema mwishowe. "Na wenzako pia, wakitaka."

"Na mayai, bosi?"

"Mayai nilimtuza mfanyakazi aliyekuwa kigodani."

"Mbeleko ni yangu," alisema Bi Nguchiro kwa upole, akabeba kikapu akaenda kwa wanawe.

Yangu yameishia hapo, na funzo lake ni hili: kiongozi apime kazi iliyofanyika, asihesabu vigoda vilivyokaliwa.