Kwa Nini Perere Humshinda Twiga kwa Sauti

Mnamcheka Shekiondo eti kwa kifua kile chembamba hawezi kutuongozea wimbo. Haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Hapo kale sauti iligawanywa kwa kimo. Wanyama wakubwa waliimba, wadogo wakaitikia kwa kunong'ona, na mwimbishaji wao alikuwa Twiga, ambaye enzi hizo aliishi huku huku milimani. Alikuwa na sauti ya kutikisa majani, naye alijua, akajivuna kupita kiasi. Perere, mnyama wa mitini asiyemzidi sungura kwa umbo, hakuruhusiwa kupaza sauti hata kidogo.

Asubuhi moja ukungu ulifunga msitu. Mtoto wa Perere alikuwa ametoka kutafuta majani, na upande alioelekea kulikuwa na korongo lenye kina kirefu. Mama yake akamkimbilia Twiga.

"Mzee wangu, niitie mwanangu. Ataanguka!"

Twiga akavuta pumzi, akaita mara moja kwa nguvu zake zote. Sauti ikajaa bonde zima, ikarudi kutoka kila upande, mtoto asijue ashike njia ipi. Kisha ikakatika. Pumzi nyingine ilibidi ipite shingo ile yote, nayo haikuwa na haraka. Mawe yakasikika yakiporomoka korongoni.

Perere alishikwa na hofu ambayo mzazi yeyote anaijua.

"Nyamaza, mzee wangu," akasema. "Mwanangu anisikie mimi."

Hakuna mdogo aliyewahi kumwambia mkubwa neno hilo. Hata hivyo Twiga alifumba mdomo. Perere akapanda mti, akajaza hewa tumboni, akaitoa kidogo kidogo kama mpishi anayeonea chumvi uchungu. Akaita, akaiba pumzi, akaita tena kwa nguvu zaidi, bila kukoma. Sauti ilitoka mahali pamoja tu. Mtoto akaifuata, akapotea kidogo, akaifuata tena, hata akafika shinani amelowa, anatetemeka.

Twiga alingoja aambiwe aendelee kuimba. Hakuna aliyemkumbuka. Akateremka zake nyikani.

Na tangu siku hiyo Twiga haimbi. Perere naye, giza likiingia, hupiga ukelele mfululizo, kila mmoja ukizidi uliotangulia, hata wageni husema msitu wetu una jitu. Jitu gani? Ni mama, na hatanyamaza mpaka aitikiwe.