Kuuguza Si Kuzika

Kuuguza si kuzika. Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo. Sasa mnataka kujua yametoka wapi. Yalianzia huku kwetu Usambara, na yalianza hivi.

Palikuwa na mtu na mkewe, Shekiondo na Mwanaisha, wagomvi wasio na mfano. Waligombania mbegu, wakagombania mbuzi, wakagombania hata chumvi ya mboga, kisha wakala sahani moja. Saratani ya koo ilipomshika mume, Mwanaisha aliacha ugomvi wote. Alimchujia uji, akamwogesha, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Kijiji kizima tulimsifu, na sifa zilikuwa haki yake. Ila jambo moja hatukuliona: alikuwa hamuulizi mumewe kitu tena. Mbuzi akiuzwa au shamba likilimwa, habari haikufika kitandani. "Mwacheni apumzike," alisema.

Basi ikaja posa ya binti yao, Zaina. Mwanaisha akawapeleka wazee wa mposaji kwa shemeji yake, wakamalizana huko, mahari na siku ya harusi. Mzee mmoja kati yao, mtu wa adabu, akaona si vema kuondoka bila kumjulia hali mgonjwa. Akaingia, akamshika mkono. "Ahsante, mzee mwenzangu, kwa kutupa mtoto."

Shekiondo aliitikia kwa kichwa tu. Mkewe alipoleta uji, alifumba mdomo.

"Kunywa, Baba Zaina."

"Kwani Zaina ana baba?" Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. "Nilidhani ameshakuwa yatima."

"Nilitaka usichoke."

"Acha nichoke kwa kumwoza mwanangu. Mama Zaina, unaniogesha vizuri. Lakini hata maiti huoshwa."

Mwanaisha aliweka bakuli chini, akalia. Kisha akakasirika. Akamwambia kwamba hapati usingizi, kwamba anaogopa kubaki peke yake, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye amechoka. Mume akamjibu, naye akajibiwa. Waligombana mpaka sauti ya mume ikakatika, na huo ndio uliokuwa ugomvi wao wa kwanza tangu augue. Halafu mume akanywa uji wake.

Asubuhi Mwanaisha akatuma watu wawarudishe wale wazee. Shekiondo akaegemezwa ukutani, kanzu ikimpwaya, akasikiliza posa upya. Aliwahoji hata wakatokwa na jasho, ndipo akamtoa mtoto wake kwa kinywa chake mwenyewe. Tangu hapo Mwanaisha alimuuliza kila jambo, na mara nyingi walikosana.

Harusi aliiona, lakini mavuno ya mwaka ule hakuyafikia. Matangani wanawake walimwambia mjane, "Umemuuguza vizuri mumeo."

Mwanaisha akatikisa kichwa. "Mwanzoni nilikuwa namzika. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza, ndipo nikaanza kumuuguza. Wenzangu, kuuguza si kuzika."