Ndoo Iliyokataa Mlonge

Wapendwa, wekeni vitabu pembeni kidogo mnisikilize. Kulikuwa na mama mmoja mjane, alikaa kando ya mto, na masika yakiingia mto ule ulikuwa mwekundu kwa tope. Nani hapa hajawahi kuteka maji ya namna hiyo? Akina mama mnaijua dawa yake. Unamenya mbegu za mlonge, unazitwanga, unakoroga unga wake kwenye ndoo, unafunika. Tope lililotawanyika linashikana, linakuwa mabonge, linazama. Juu unabaki na maji ya kumwogeshea mtoto.

Na siku hiyo mtoto alikuwepo. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kijana wake mdogo, alikuwa anatolewa nje. Desturi ya nyumba ile, mtoto huogeshwa vizuri, kisha hutolewa mlangoni na mwanamume mkubwa wa familia. Baba mwenye nyumba alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni kijana wa kwanza, naye alikaa uani hapo hapo, nyuma ya ukuta wa mabati aliousimamisha mwenyewe ili asimwone mdogo wake.

Waligombana tangu msiba. Mdogo alisema, "Kaka aliitwa wakati baba ni mgonjwa, akapuuza." Mkubwa, aliyekuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, alisema, "Wewe ndiye uliyezuia nisiitwe. Nimefika, kaburi limeshafunikwa." Na mama je? Mama alikuwa na ulimi mtamu, Mungu ambariki. Mkubwa akija jikoni na uchungu wake, anapakuliwa chakula na kuambiwa, "Una haki, mwanangu. Mvumilie tu mwenzio." Mdogo akija, maneno ni yale yale, sahani nyingine. Kila mmoja anaondoka ametulia. Mama aliwapenda mno, na kila jioni alijiambia kwamba kesho wataelewana.

Basi asubuhi ile aliiosha ndoo kwa mapenzi yake yote. Alisugua kwa sabuni ya mche mpaka povu likamfika viwikoni, akaliacha mle mle. Akajaza maji ya mto, akatia mlonge, akakoroga, akafunika. Aliporudi kufunua, maji yalikuwa mekundu vile vile. Akaongeza mlonge. Vile vile. Jua linapanda, mtoto analia, na nyuma ya mabati hakuna dalili ya mtu kutoka. Akakaa chini kando ya ndoo, machozi yakimlengalenga.

Mkwewe, yule mzazi, akaja na mtoto begani, akachungulia.

"Mama, ndoo uliiosha na nini?"

"Na sabuni, mwanangu. Tena nyingi, kwa ajili ya huyo mjukuu wangu."

"Ukaisuuza?"

"Nisuuze sabuni kwa maji ya tope? Ningekuwa nimeosha nini?"

Mkwe akacheka kwa upole. "Ndiyo maana, mama. Sabuni inaipaka kila chembe ya tope peke yake, inaifanya iteleze. Na mlonge wenyewe imeshaushika. Hapa hata utie gunia zima, hazitashikana."

Mama aliitazama ile ndoo, akautazama ule ukuta. Kisha akainuka, akawaita wanawe wote wawili, kwa majina, kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu utoto wao. Wakaja, wakasimama huku na huku, ndoo katikati.

"Wewe nilikuambia nimempigia kaka yako simu," akamwambia mdogo. "Sikupiga." Akamgeukia mkubwa. "Simu nilikuwa nayo mkononi, baba. Niliogopa utaacha kazi, nikadhani mzee atapona. Alikufa akikutaja wewe. Mwenzio hakukuzuia. Ni mimi."

Ndugu wale wakatazamana. Kumbe muda wote huo walikuwa wamemchukia mtu ambaye hakuwepo.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" mkubwa akauliza.

"Niliogopa kuwapoteza."

Mkubwa aliinama, akaimwaga ile ndoo, akashika njia ya mtoni. Mdogo wake akamfuata, akaishika ndoo upande wa pili. Walikwenda kuisuuza. Mtoto aliogeshwa jua limeshainama, lakini alitolewa mlangoni mikononi mwa baba yake mkubwa, na bibi yake alilia waziwazi mbele ya wageni wala hakujifuta.

Sasa tuje kwetu sisi. Ni mara ngapi tunampoza huyu, tunampoza yule, kisha tunajiita wapatanishi? Sisemi sabuni ni mbaya. Na neno la kubembeleza lina mahali pake. Lakini je, maneno yetu matamu yanawaleta watu pamoja, au yanamtelezesha kila mmoja aende zake akiwa ametulia? Tusiwaogope watoto wetu, jamani. Tusiwaogope wake zetu na waume zetu.

Tena mnajua, ninyi mnaotwanga: mbegu nzima ya mlonge ukiitumbukiza kwenye ndoo, haifanyi kitu. Inataka kumenywa, inataka kupondwa. Yule mama alikuwa na mbegu ile kifuani tangu siku ya msiba, nzima kabisa, kwa sababu kuiponda kunauma. Wewe yako unayo. Jioni ya leo, kabla hujapakua sahani mbili, itwange.